Kiu ya Njia ya Nadapal

Hedifoni zile hazikupaswa kusikizana na mashine ya gemu. Reuben, fundi wa Lodwar aliyeziuza, alilisema hilo waziwazi kabla hajazifunga kwenye gazeti.

"Hii ni ya simu," alisema. "Ukitaka ishike kwa mashine ya gemu, lazima utafute kile kidude kidogo ya kuchomeka nyuma. Bila hiyo ni pambo tu ya masikio."

Nyadak alizichukua hivyo hivyo, akitumaini kidude kingepatikana baadaye. Kesho yake asubuhi, huko Kakuma, mdogo wake Yien alizivaa kwa mzaha tu, akabonyeza kitufe cha pembeni, na taa ndogo ya buluu ikawaka. Kwenye skrini likaja tangazo kwamba kifaa kimeunganishwa. Mahali pa jina la kifaa palikuwa patupu.

"Kidude umekipata wapi?" Nyadak aliuliza.

"Sijakipata. Zimeshika zenyewe."

"Reuben alisema haiwezekani."

"Basi Reuben hajui kazi," Yien akajibu, na wote wawili wakacheka.

Ukumbi wao wa gemu ulikuwa banda la mabati upande wa Wasudan Kusini katika kambi ya wakimbizi. Madirisha yalifunikwa blanketi kuukuu ili jua lisiue picha kwenye televisheni. Umeme ulitoka kwenye sola ya juu ya paa. Nyadak alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mrefu, mkali kwa wateja waliotukanana, na hakuna mtu aliyeingia kwake akatoka bila kupewa kikombe cha maji, hata kama hakuomba. Yien alikuwa na ishirini na tano. Alivuka mpaka akiwa na miaka miwili, mgongoni mwa dada yake, na watu wakimuuliza habari za wazazi alimwonyesha Nyadak kwa kidole na kusema, "Mama yangu ndiye huyo." Baba aliuawa vitani. Kuhusu mama, Nyadak alikuwa amemsimulia tangu utotoni: alishikwa na homa njiani, akafariki, watu wa kanisa wakamzika vizuri kwa nyimbo.

Hedifoni zilinunuliwa kwa sababu moja. Lodwar kulikuwa na mashindano ya vijana, na Yien alikuwa amechaguliwa kuiwakilisha Kakuma katika gemu ya vita, ile ambayo wachezaji wanawindana ndani ya mji uliobomoka. Katika gemu hiyo anayesikia hatua za adui kwanza ndiye anayebaki hai. Ukumbini kulikuwa na kelele nyingi mno.

Wiki ya kwanza Yien hakushindwa hata mara moja. Alikuwa akigeuka kabla adui hajatokea, akipiga risasi kwenye mlango uliofungwa, na adui akaanguka upande wa pili. Vijana walishangilia, halafu wakanyamaza, halafu wakaanza kukataa kucheza naye.

"Nasikia kila mtu anapotembea," alimwambia Nyadak. "Lakini kuna mmoja ambaye simwoni. Nikisimama, anasimama. Nikienda, anakuja. Hatua moja nzito, ya pili inaburuzwa. Inaburuzwa mchangani, dada, na ule mji wa gemu sakafu yake ni saruji."

Nyadak alikuwa akifuta vumbi kwenye padi ya kuchezea. Mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea kufuta mahali palepale ambapo tayari palikuwa pasafi.

Mtu wa pili kuzivaa alikuwa Boris, kinyozi Mkongomani wa banda la jirani, mcheshi asiyeogopa kitu. Alizichukua kichwani mwa Yien adhuhuri moja, akazivaa, akaanza kucheza dansi akifanya kama anasikia muziki. Alicheza kwa muda mfupi sana. Akasimama. Uso wake ulilegea, machozi yakamtoka, akazivua kwa mikono miwili kama mtu anayeondoa mzinga wa nyuki, akakimbilia nje na kutapika ukutani.

Nyadak alimfuata na maji. Boris aliyakataa.

"Dada, ile kitu muitupe," alinong'ona. "Iliniita na jina ya mutoto yangu. Ule alikufa kule Uvira. Ile jina sikuwahi kuitaja hapa kambini, hata kwa padri."

"Ilisema nini?"

Boris alitikisa kichwa. "Ilicheka tu. Ikasema mimi si yule inamutafuta."

Tangu siku hiyo alinyoa watu akiwa ameupa mgongo ukumbi wa Nyadak.

Kisha likaja swali. Walikuwa wakila mchana, uji mzito wa mtama na mboga. Yien hakugusa kikombe chake.

"Dada, mama alikuwa anachechemea?"

"Nani amekuambia hivyo?"

"Alikuwa anachechemea au hakuwa?"

"Alikuwa na homa," Nyadak alisema. "Kula."

Yien alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayesikiliza maneno mawili kwa wakati mmoja na kuyalinganisha. Halafu alichukua kikombe chake cha maji, akakimimina chini taratibu, kando ya kiti chake. Sakafu ya udongo iliyanywa maji mara moja, kwa sauti, kama koo la mtu, na ukumbi mzima ukajaa harufu ya mvua ya kwanza, ingawa mvua haikuwa imenyesha Kakuma kwa miezi saba.

"Yeye hajanywa," alisema. "Mimi ninywe kwa nini?"

Tangu siku hiyo Yien hakunywa. Kila alichopewa alikimwaga palepale, na udongo ule haukulowa hata kidogo. Siku ya pili midomo yake ilipasuka. Siku ya tatu alicheza kwa saa nyingi akiwa amefumba macho, akishinda, damu nyembamba ikikauka kwenye kidevu. Wanawake wa kanisa walikuja wakamwekea mikono wakaomba kwa nguvu. Yien aliitikia "Amina" kwa heshima, akawashukuru mmoja mmoja, akarudi kwenye kiti. Zahanati ilimtundikia dripu. Aliichomoa mwenyewe, akaielekeza sindano sakafuni, akakaa akiangalia matone yanavyodondoka.

"Nani anakukataza kunywa?" Nyadak alimshika mabega. "Niambie mimi. Mimi ni dada yako."

"Hanikatazi," Yien alisema kwa sauti iliyokauka. "Ananiuliza tu kama nina haki."

Siku hiyo, saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya mabati na kambi nzima imejificha ndani, Yien alisinzia kwenye kiti. Nyadak alizitoa hedifoni kichwani mwake. Taa yake ilikuwa imezimika. Alibonyeza kitufe mara tatu. Chaji ilikuwa imekwisha kabisa. Akazivaa.

Mwanzoni palikuwa na upepo tu. Aliujua upepo ule, unaopita kwenye miiba bila kupata jani la kutikisa. Kisha nzi, mmoja, halafu wengi, halafu hatua, ile nzito na ile inayoburuzwa, ile nzito na ile inayoburuzwa, zikija kutoka mbali kwa subira ya mtu ambaye amekwisha kufa na hana tena cha kuharakisha, zikapita sikio la kushoto, zikazunguka nyuma ya kisogo chake, zikasimama karibu sana na sikio la kulia, hata akahisi pumzi, na pumzi ile ilinuka jeraha la siku nyingi lililofungwa kwa kitambaa cha gauni, gauni la kijani ambalo Nyadak mwenyewe alilichana kwa meno alipokuwa na miaka kumi na mitatu.

"Nyadak," sauti ilisema kwa Kinuer, lugha ya kwao, kwa upole ule ule wa mama akimwamsha mtoto. "Maji si hayo mkononi mwako?"

Alipiga ukelele. Alizivua, akakimbia nazo mpaka chooni nyuma ya mabanda, akazitumbukiza shimoni, akasikiliza mpaka zikagonga chini.

Aliporudi, Yien alikuwa ameamka. Amekaa wima, masikio wazi, hana kitu kichwani. Alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, kama anayekubaliana na mtu aliye nyuma yake.

"Anasema asante," Yien alisema. "Anasema hedifoni hazihitaji tena."

Nyadak alimpigia simu Reuben akilia kwa hasira. Upande wa pili, fundi alimwacha amalize.

"Nisamehe, dada," alisema hatimaye. "Ile hedifoni sikuitoa dukani. Utingo wa lori aliniletea. Aliokota porini, ng'ambo ya mpaka wa Nadapal, mahali lori ilipata pancha. Ilikuwa imetundikwa kwa mti ya miiba, safi kabisa, kama mtu ameiweka ionekane. Mimi niliona ni mali tu." Akashusha pumzi. "Nipe mpaka kesho. Nitaleta shangazi yangu."

Shangazi huyo aliitwa Atiir. Alikuwa mkaushaji wa samaki wa Kalokol, kando ya ziwa, mwanamke mfupi mwenye shanga nzito shingoni, nguo zake zikinuka moshi na sangara, na watu wa ziwani walimwita pale mtu wao aliporudi kutoka majini akiwa si yeye. Reuben alimleta kwa pikipiki kutoka Lodwar, na mbuzi mweupe amefungwa nyuma.

"Ejok," Nyadak alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi," Atiir akajibu, lakini hakumtazama. Alikuwa akiitazama sakafu kando ya kiti cha Yien, ule udongo mkavu. Alipiga magoti akaunusa. Kisha akainuka haraka.

"Huyu kijana mwisho yake ni kesho," alisema. "Washa mashine."

"Kwa nini mashine?"

"Ndiyo mlango iliingia. Itatokea hapo hapo. Washa."

Mbuzi alichinjwa mlangoni. Atiir alichukua majani yaliyosagika tumboni mwake, yakiwa bado yanafuka joto, akampaka Yien kifuani, kwenye paji la uso na ndani ya masikio yote mawili. Yien hakupinga. Macho yake yalikuwa yamezama, ngozi ya mikono imekunjamana kama ya mzee. Kwenye televisheni ulionekana ule mji wa vita, barabara tupu, hakuna anayecheza. Halafu spika zikaanza kutoa upepo.

"Inasema nini?" Reuben alinong'ona, akiwa amebana mgongo ukutani.

"Lugha yake siijui," Atiir alisema. "Lakini inauliza. Swali moja tu, tena na tena." Sasa ndipo alipomgeukia Nyadak. "Mama, hiyo si mzazi wenu. Jua hivyo kwanza. Hiyo ni kitu ya pori. Ilikaa karibu na mzazi wenu akikufa, ikamsikiliza siku zote alizolia, mpaka ikajifunza sauti yake, na mguu yake, na majina yenu. Inaishi kwa neno moja ambalo wewe umeficha. Ukilisema mbele ya huyu, haitakuwa na chakula. Usiposema, itamkula yeye."

"Nimwambie tukiwa peke yetu. Tafadhali."

"Hapa. Sasa. Kijana hana masaa."

Kwenye spika hatua zilianza, ile nzito na ile inayoburuzwa. Picha ya barabara ikaanza kutetemeka. Nyadak alipiga magoti mbele ya mdogo wake, akamshika mikono, na mikono ile ilikuwa mikavu na ya moto kama kuni.

"Mama hakuzikwa na watu wa kanisa," alisema. "Mama hakuwa na homa. Alipigwa risasi mguuni, na mguu ukaoza. Alitembea siku mbili akiuburuza. Siku ya tatu alikaa chini ya kichaka, akasema apumzike kidogo. Tulikuwa na nusu jerikeni ya maji. Wewe ulikuwa umeacha hata kulia. Nikamwambia mama nakwenda kutafuta maji. Nikakubeba wewe, na jerikeni nikaibeba."

Hatua zilisimama.

"Endelea," Atiir alisema.

"Aliniuliza, 'Nyadak, maji si hayo mkononi mwako?' Sikumjibu. Nilitembea. Aliniita. Akaniambia, 'Sawa, nenda na maji, lakini niachie mtoto, nisife peke yangu. Niachie hata mtoto.'" Nyadak aliikaza mikono ya mdogo wake. "Sikugeuka. Alikuwa hai, Yien. Nilimsikia akiita mpaka jua likaenda upande wa pili, na mpaka leo sijui kama aliacha kuita au mimi ndiye niliyefika mbali. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Yale maji tuliyanywa mimi na wewe."

Spika zilitoa sauti moja ndefu ambayo haikuwa ya mama wala ya mtu, sauti ya kitu kinachong'olewa na mizizi yake, ikapanda mpaka mabati yakalia juu ya vichwa vyao na blanketi za madirishani zikaanguka zote kwa pamoja, jua likamwagika ndani likiwa jeupe na la kikatili, na Atiir akawa anapiga kelele kwa Kiturkana huku akirusha udongo mweupe kwenye skrini, akikiita kile kitu kwa majina ya hayawani, akikiamuru kishike njia ya kaskazini, kipite Lokichoggio, kipite Nadapal, kirudi kwenye miiba yake, mpaka televisheni ikazimika yenyewe na ukimya ukaingia kama maji yanavyoingia kwenye mtungi.

Yien alikohoa.

"Maji," alisema.

Alikunywa vikombe vitano. Nyadak alimshikia kila kimoja, akilia. Sakafu kando ya kiti ilianza kulowa polepole, na kwa muda wa saa nzima maji yote yaliyokuwa yamemwagwa pale yalirudi juu, matope meusi yanayonuka.

Kabla ya kupanda pikipiki, Atiir aliwaita wote wawili. "Imerudi kwao. Haiwezi kuja hapa tena yenyewe. Sasa kazi yenu ni moja tu. Msiifuate."

Jioni Yien alikula vizuri. Alimsaidia dada yake kutundika blanketi upya. Hakumlaumu kwa neno lolote, na Nyadak alianza kuamini kwamba dunia inaweza kumsamehe mtu.

"Dada," Yien alimuuliza wakifunga mlango, "pale alipokaa, kulikuwa na kivuli?"

"Kidogo."

"Kile kichaka unaweza kukitambua?"

"Yien, umesikia alivyosema yule mama. Si mama yetu."

"Nimesikia. Nauliza mifupa tu. Mifupa ni ya nani?"

Nyadak alisukuma komeo la mlango. Asubuhi kitanda cha Yien kilikuwa kimetandikwa. Jerikeni ya lita kumi ilikuwa imeondoka pamoja naye.

Alimtafuta Lokichoggio. Polisi wa kizuizi cha barabarani walisema walimwona kijana mrefu akipita kwa miguu, wakamzuia, akawajibu kwa adabu kwamba anampelekea mzazi maji, wakamwachilia. Nyadak alifika mpaka Nadapal. Alisimama pale barabara inapoacha Kenya, akatazama miiba upande wa pili, na upepo ukaja usoni mwake. Alirudi siku hiyo hiyo.

Miezi minne baadaye lori lilisimama mbele ya ukumbi, mchana kweupe. Dereva, Mturkana aliyeitwa Lotiir, aliteremka akiwa na chupa tupu. Alikuwa akibeba mizigo kati ya Lodwar na Juba, na siku hiyo alikuwa akielekea kaskazini. Aliambiwa na watu kwamba hapo maji hayakatazwi. Aliketi kwenye benchi, akavua kofia.

"Mama, naomba nikuulize," alisema kwa sauti ya chini. "Huko ng'ambo ya Nadapal kuna kijana anasimama barabarani saa sita mchana. Mrefu, Mnuer. Midomo yake imepasuka mpaka meno yanaonekana yote. Mguu moja anaburuza. Anaomba maji, na si yake, anasema ni ya mama yake. Nilimpa chupa. Akaingia kwa kichaka, akapiga magoti, akaimwaga kwa mchanga polepole, kama mtu ananywesha mgonjwa. Yeye hakulamba hata tone."

Nyadak alishika mlango.

"Nikamwambia panda, nikurudishe Kakuma kwa watu. Hakunijibu. Akajibu mwanamke, kutoka kichakani. Mimi sikuona mtu. Alisema kijana ana kazi, hawezi kutoka mpaka dada yake aje kumpokea zamu." Lotiir aliizungusha chupa tupu mkononi. "Akaniuliza kama Kakuma najua msichana anaitwa Nyadak. Alisema 'msichana', kama ni mtoto. Watu wamenielekeza hapa. Kiti ya mbele iko wazi, mama. Ndiye wewe?"

Lori lilikuwa limeachwa likinguruma. Mlango wake wa kushoto ulikuwa wazi. Nyadak aliutazama, akatazama barabara iendayo kaskazini, nyeupe kwa joto, haina mtu.

"Hapana," alisema. "Simjui."

Lotiir alimwangalia, kisha akaangalia chini. Nyadak aliichukua chupa yake, akaijaza mpaka mdomoni, akaikaza kifuniko kwa nguvu, akampa kwa mikono miwili. Alisimama mlangoni mpaka vumbi la lori likatulia. Halafu aliingia ndani, akawasha mashine ingawa hapakuwa na mteja hata mmoja, akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka isingewezekana kuongeza zaidi.